Sanduku la kete 64 la fundi wa Ngamiani: baada ya miezi mitatu ya kulitumia

Nilifundisha hisabati katika shule za msingi za Tanga kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa nikitafuta kitu cha kushika mkononi ambacho kingemsaidia mjukuu wangu wa darasa la sita kuziona namba kabla ya kuzikariri. Kitu hicho nilikipata bila kukitarajia katika karakana ya seremala mmoja wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchonga mabao ya kuchezea, vigoda na mbuzi za kukunia nazi. Juu ya meza yake palikuwa na sanduku la mbao lililobandikwa karatasi yenye maneno ya mkono, "Pembetatu na Mraba". Alitaka shilingi 30,000. Tulivutana kidogo, akakubali 28,000, na nilipokuwa njiani kurudi nyumbani Chumbageni ndipo nilipotambua kwamba 28 nayo ni namba ya pembetatu (maana yake nitaieleza punde), jambo ambalo nina hakika fundi hakulikusudia.

Sanduku lenyewe ni la mraba, inchi 12 kila upande, na kifuniko chake ni cha kusukuma. Ndani mna ubao wenye safu nane za vishimo vinane vinane, kete 64 za mviringo zilizopigwa msasa vizuri, na kijitabu cha kurasa sita kilichotolewa kopi. Kete 36 zimepakwa rangi nyeusi na 28 zimeachwa na weupe wa mti wake. Nilimuuliza fundi kwa nini alichagua 64, akanijibu kwamba hakuchagua. "Mwalimu, bao linakula kete sitini na nne," alisema, "na mkono wangu umezoea kuchonga hadi hapo." Jibu hilo lilinifurahisha zaidi ya jibu lolote la kitaalamu, kwa sababu bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, limemfikisha fundi huyu, bila yeye kuitafuta, kwenye mojawapo ya namba zinazolifaa kabisa somo hili.

Namba ya pembetatu ni ile unayoipata unapopanga kete kama ngazi, yaani moja katika safu ya kwanza, mbili katika safu ya pili, tatu katika ya tatu, na kuendelea. Ukihesabu zote kila unapoongeza safu unapata 1, 3, 6, 10, 15, 21, 28, 36 na nyinginezo zisizo na mwisho. Namba mraba, ambazo wanafunzi wetu wamezizoea kama vipeo vya pili, ni 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64 na kuendelea. Kijitabu kinaanza kwa kumtaka mtoto apange kete zote nyeusi kwa ngazi ya safu nane, kisha ajaze kete zote nyeupe katika nafasi iliyobaki, na kinaahidi kwamba ubao utajaa pasipo kubaki kishimo hata kimoja.

Siku ya kwanza haukujaa. Mjukuu wangu alikuwa amepiga magoti mkekani, akiminya kila kete kwa kidole gumba mpaka ikae, na alipofika kwenye kona ya juu kulia aliinua macho. "Babu, haikuenea. Kumebaki shimo moja." Tukazihesabu upya na kukuta kete nyeupe ni 27. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya bidhaa hii, na ni ya uzembe, kwa maana sanduku linalofundisha kuhesabu halikupaswa kutoka karakanani bila kuhesabiwa. Niliporudi kesho yake, fundi alipekua chini ya meza na katika vumbi la randa asipate kete nyingine nyeupe, kisha akafungua droo na kunipa komwe moja, ile mbegu ya kuchezea bao, ya kijivu na yenye kung'aa, akaniomba radhi kwa adabu. Niliipokea nikiwa nimenuna kidogo. Nitaeleza baadaye kwa nini leo nisingekubali kuibadilisha.

Ubao ulipojaa, somo lilijieleza lenyewe. Safu ya kwanza ina nyeusi 1 na nyeupe 7, ya pili ina nyeusi 2 na nyeupe 6, na hivyo hivyo mpaka ya nane yenye nyeusi tupu; kila safu inatimia 8, na safu ziko 8. Kwa hiyo 36 na 28, namba mbili za pembetatu zinazofuatana, zimeungana kuwa 64, na hakuna siri iliyo katika 8 pekee, kwani 3 na 6 zinatoa 9, 6 na 10 zinatoa 16, 10 na 15 zinatoa 25. Kila mraba ni ngazi mbili zilizolaliana. Miaka yote niliyosimama mbele ya darasa niliziandika ngazi hizi ubaoni kwa kanuni, yaani zidisha idadi ya safu kwa namba inayofuata kisha gawanya kwa mbili, na wanafunzi waliinakili vizuri sana, lakini sikumbuki hata mmoja aliyewahi kucheka kwa furaha alipoiona. Huyu alicheka.

Ukurasa wa tatu wa kijitabu ndio bora kuliko zote, ingawa mchoro wake umefifia kwa sababu ya kopi. Unaeleza kwamba ukichukua namba yoyote ya pembetatu, ukaizidisha kwa 8 na kuongeza 1, unapata namba mraba. Jambo hilo lilikwishatajwa na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, karibu miaka 1,900 iliyopita. Kwa kete tulizo nazo, mfano mkubwa unaowezekana ni wa pembetatu ya 6, kwa kuwa mara 8 ni 48, na ukiongeza 1 unapata 49, mraba wa saba kwa saba. Mtoto anapanga ngazi mbili za kete sita sita, moja nyeusi na moja nyeupe, na zikiungana zinakuwa mstatili wa safu tatu zenye kete nne nne. Mistatili minne ya namna hiyo inazungushwa kwa kufuatana, mmoja umelala, unaofuata umesimama, mpaka inazunguka kishimo kimoja cha katikati kinachobaki kitupu. Hapo ndipo komwe ya fundi ilipopata makazi. Kete nyeusi ni 24, nyeupe ni 24, na ile moja ya kuongeza, ambayo katika hesabu ya daftarini huonekana kama nyongeza isiyo na sababu, inakaa katikati ya mraba ikiwa na rangi na umbo lake. Kama sanduku lingekuja kamili, pale katikati pangekaa kete kama nyingine zote, na mjukuu wangu asingeniuliza, "Babu, kwa nini hii ni mgeni?"

Kanuni hiyo ina kazi pia, na kijitabu hakiisemi vya kutosha. Ukitaka kujua kama namba fulani ni ya pembetatu, huna haja ya kujumlisha tangu mwanzo: izidishe kwa 8, ongeza 1, utafute kipeuo cha pili. Kwa 55 unapata 441, ambayo ni 21 mara 21, basi 55 ni ya pembetatu. Kwa 56 unapata 449, ambayo si mraba, basi 56 si ya pembetatu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya hivyo kwa kalamu na karatasi, na wangu sasa anawatega nayo watu wazima.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa mwisho, ambao ulinikera. Baada ya kuonyesha kwa usahihi kwamba kete nyeusi 36 zinaweza kupangwa kama ngazi ya safu nane na pia kama mraba wa sita kwa sita, kijitabu kinaandika kwamba, ukiacha 1, namba 36 "ndiyo pekee" yenye sura zote mbili. Si kweli hata kidogo. Ngazi ya safu 49 ina kete 1,225, na 1,225 ni 35 mara 35. Nilimpelekea fundi kijitabu, naye akasema kwamba yeye anachonga tu, na kwamba maandishi aliandikiwa na kijana mmoja anayefundisha tuisheni. Akanipa kalamu, nikasahihisha nakala zote zilizokuwa mezani nikiwa nimesimama. Namwelewa kijana huyo, maana aliyejaribu 45, 55, 66, 78 na kuendelea atachoka muda mrefu kabla ya kufika 1,225, lakini kuchoka si uthibitisho.

Kwa kuwa huenda kuna wasomaji walionunua sanduku hili na bado wana ukurasa ule wenye kosa, nitaeleza kwa urefu kidogo mahali pa kuzitafuta namba hizo. Ngazi ya safu 8 inapatikana kwa kuzidisha 8 na 9 kisha kugawanya kwa 2, yaani 4 mara 9. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, kwa hiyo zao lao likigawanywa kwa 2 haliwezi kuwa mraba mpaka kila kipande kiwe mraba peke yake. Hapa 4 ni 2 mara 2, na 9 ni 3 mara 3. Tunachotafuta, basi, ni namba mbili jirani ambazo moja ni mraba na nyingine ni mraba uliorudufiwa mara mbili. Majirani 8 na 9 wako hivyo. Majirani 49 na 50 wako hivyo pia, kwa sababu 49 ni 7 mara 7, na 50 ni 25 mara mbili. Wanaofuata ni 288 na 289, yaani 144 mara mbili, na 17 mara 17.

Ukiandika kwa jozi vipeuo vya miraba hiyo (4 na 9, 25 na 49, 144 na 289), unapata 2 na 3, kisha 5 na 7, kisha 12 na 17. Jumlisha jozi ya kwanza upate 5. Rudisha 2 juu ya 5 upate 7. Jumlisha 5 na 7 upate 12. Rudisha 5 juu ya 12 upate 17. Endelea namna hiyo na jozi inayofuata itakuwa 29 na 41. Zidisha kila jozi: 6, 35, 204, 1,189. Vipeo vya pili vya namba hizo, yaani 36, 1,225, 41,616 na 1,413,721, vyote ni namba mraba na vyote ni namba za pembetatu, na mlolongo hauishi. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alitoa kanuni ya kuzipata mwaka 1778, kwa hiyo kijana wetu wa tuisheni alikuwa na zaidi ya karne mbili za kujisahihisha.

Nilimpa fundi habari za 12 na 17 nikidhani ninampa kitu kipya. Alinitazama, akachukua futi yake, akailaza juu ya kifuniko cha sanduku kutoka kona hadi kona, akanionyesha: inchi 17, kasoro kama unene wa ukucha. "Kumi na mbili kwa kumi na mbili, kona kumi na saba," alisema, "hiyo naijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi." Kumbe sanduku lilikuwa limebeba somo kwenye kifuniko chake na kijitabu hakina habari nalo. Miraba miwili ya 12 ni 288, mraba wa 17 ni 289, na ule unene wa ukucha unatokana na moja inayozitenganisha. Kwa maoni yangu, toleo lijalo la kijitabu lingefuta ukurasa wa mwisho wote na kuweka mchoro wa kifuniko.

Udhaifu mkubwa wa bidhaa hii, nje ya kijitabu, ni kwamba mkono unafika mwisho mapema. Kete 64 zinakufikisha 36 na kukuacha hapo. Anayetaka kuipanga 1,225 atahitaji masanduku 20, kwa sababu masanduku 19 yana kete 1,216 na bado zitapungua tisa. Sikusudii kumlaumu fundi kwa hilo. Nilichofanya mimi ni kumtoa mjukuu mkekani na kumpeleka barabarani, kwani watu wa Ngamiani na sisi jirani zao tuna bahati ya kukaa katika mji ambao barabara zake zinaitwa kwa namba. Nilimwambia achukulie kwamba barabara zinaishia ya nane, kisha nikamuuliza ni barabara ipi ambayo, ukijumlisha namba zote za upande mmoja, zitalingana na za upande wa pili. Tulikuwa tumefika barabara ya tano alipoipata: ni ya sita, kwa sababu 1, 2, 3, 4 na 5 ni 15, na 7 na 8 pia ni 15. Jumla ya barabara zote nane ni 36, na 36 ni 6 mara 6. Fumbo hili na lile la kete ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili.

Fumbo la namna hiyo, la nyumba za mtaa badala ya barabara, ndilo ambalo Mahalanobis, aliyekuja kuwa mwanatakwimu maarufu wa India, alimsomea Ramanujan, mwanahisabati wa India, mwaka 1914 walipokuwa Cambridge, Uingereza, kutoka katika gazeti lililokuwa limelichapisha kwa sharti kwamba nyumba ziwe kati ya 50 na 500. Inasimuliwa kwamba Ramanujan alikuwa jikoni akikoroga mboga, naye akajibu papo hapo kwa njia inayotoa majibu yote kwa pamoja. Jibu la gazeti ni nyumba ya 204 katika mtaa wa nyumba 288, na msomaji aliyefuatilia jozi zangu hapo juu atakuwa amekwishaziona namba hizo mbili.

Kuna mambo mawili ambayo sanduku linayaweza na kijitabu hakiyasemi, nami nayaandika ili mnunuzi apate thamani ya fedha yake. La kwanza ni kupanga kete nyeusi 36 kwa mraba wa sita kwa sita kuanzia konani: kete 1, kisha pindo la upana wa kete mbili lenye kete 8, kisha pindo la upana wa tatu lenye kete 27. Hizo 1, 8 na 27 ni vipeo vya tatu vya 1, 2 na 3, na jumla yake ni mraba wa 6, ambayo ni namba ya pembetatu ya 1, 2 na 3. La pili ni mchezo wa kuchota. Mtoto anachota kete kiasi chochote, naye lazima azipange zote kwa pembetatu zisizozidi tatu. Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, aliandika katika daftari lake tarehe 10 Julai 1796 kwamba hilo linawezekana kwa kila namba. Wangu alichota 23 akapanga 21, 1 na 1, nami nikamwambia ajaribu kwa miraba, akahitaji minne: 9, 9, 4 na 1. Minne inatosha daima, kama mwanahisabati Lagrange alivyothibitisha mwaka 1770, ila mtoto alinuna kwamba miraba ni wavivu kuliko pembetatu.

Kuhusu uimara sina malalamiko makubwa. Rangi nyeusi haikuchuja hata baada ya kumwagikiwa chai, na vishimo havijalegea. Kifuniko, hata hivyo, kilivimba katika mvua za masika kwa sababu ya unyevu wa bahari, na kwa wiki mbili kilihitaji mikono miwili na maneno makali; nilipaka mshumaa kwenye mifereji yake na tangu hapo kinateleza. Mtu mwenye kubana matumizi anaweza kuniambia kwamba vizibo 64 vya soda vingefanya kazi ile ile bila gharama, na sitabishana naye sana, isipokuwa vizibo havikai kwenye safu, na mtoto akipiga chafya pembetatu yote inaondoka.

Fundi hutengeneza kwa oda, na ya pili niliyomwagizia shangazi wa mtoto ilichukua siku tisa. Atakayekwenda aombe kijitabu kilichosahihishwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa sita, na kabla ya kutoa fedha azimwage kete mezani, apange nyeusi kwa ngazi na kujaza nyeupe juu yake, akitazama hasa ile kona ya juu kulia. Ikiwa imepungua moja, aombe komwe.